Mwaka Tulipombeba Jasinta

Habari za kifo cha Mama Veneranda zilinikuta Kahama, nimesimama nyuma ya meza yangu ya mitumba, nikibishana na mteja juu ya sketi. Aliyenipigia simu hakuzunguka. "Editha, mama yetu wa Rugu ametutoka. Tunazika kesho kutwa." Nilimwachia mteja sketi kwa bei aliyoitaka, nikafunga mzigo, na asubuhi yake nikawa ndani ya basi. Nimepanga vyumba katika miji mingi kuliko ninavyoweza kuitaja, na popote ninapohamia huchelewa kununua pazia, maana najijua sitakaa. Lakini vilima vya Karagwe vilipoanza kujitokeza dirishani, migomba imevifunika hadi mabegani, nilihisi kitu ambacho nadhani wengine hukihisi wakirudi kwao. Si kwetu pale. Niliishi Rugu mwaka mmoja tu, baada ya kumaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, na kisha nikisubiri kuamua nifanye nini na matokeo yenyewe.

Nilikaa kwa Bi Zuhura. Baba yake alikuja kutoka Pangani akifuata biashara ya kahawa, akaoa, akazikwa huku huku, na binti akabaki na duka, na Kiswahili chake kilichotufanya sisi wengine tujisikie tunaongea kwa kubahatisha. Nyumba ilikuwa na duka mbele, sebule katikati, na nyuma chumba changu, ambacho nusu yake ilikuwa magunia ya maharage. Kilinukia maharage, mafuta ya taa na udi, na mpaka leo nikikutana na harufu hizo tatu mahali pamoja husimama kidogo. Ukuta kati ya chumba na duka haukufika darini, kwa hiyo kila lililosemwa dukani lilinifikia kitandani. Kazi yangu ilikuwa kuuza duka asubuhi na kuchambua maharage mchana, barazani, pamoja na Bi Zuhura na rafiki yake, Mama Veneranda.

Mama Veneranda alikuwa mjane mrefu, mwembamba, ambaye wazee wake walitoka Rwanda zamani na ambaye kibanja chake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilipakana na ua wa duka. Alikuwa kiongozi wa jumuiya ya kanisa. Alikuja kila mchana na chakula kilichofungwa kwenye jani la mgomba, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage mpaka zikawa kitu kimoja, na Bi Zuhura akatoa chai ya tangawizi na karafuu. Tulikula kutoka kwenye jani lile lile. Kisha ungo ulitandikwa, mikono ikaanza kutafuta mawe, na mabishano yakaanza. Sijawahi kuona marafiki waliobishana kwa raha namna ile. Kuhusu bei ya chumvi, kuhusu mvua, kuhusu Mungu. Na mwaka ule, zaidi ya yote, kuhusu mimba.

Nakumbuka mchana mmoja Bi Zuhura alikuja na habari kutoka sekondari ya Bugene. "Wamewapima wasichana tena," alisema. "Wamepatikana wawili. Wamepewa mabegi yao."

"Na wavulana?" Mama Veneranda aliuliza.

"Wavulana wanapimwa wapi, Vene?"

Walicheka wote wawili, kicheko cha wanawake wanaojua wanachokicheka. Kisha Bi Zuhura akatupa jiwe uani. "Halafu mtashangaa mkisikia kuna mtoto amekunywa madawa. Shule imemfukuza, baba anamngoja na fimbo. Mimi ningekuwa yeye, akatokea daktari wa kweli akaniambia njoo nikutoe salama, ningekataa?"

"Ungekataa, kama ungekumbuka mko wawili."

"Wawili! Mmoja hata jina hana."

"Wewe tumboni mwa mama yako ulikuwa na jina?"

"Nilikuwa na watu walionitaka."

"Kwa hiyo asiyetakiwa si mtu?"

 Bi Zuhura aliupepeta ungo, makapi yakaruka. "Sikusema hivyo, Vene. Nasema msichana naye ni mtu. Yeye yuko hapa tayari, ana njaa, ana hofu. Mimi niliozwa nikiwa bado nacheza rede, kwa sababu ya tumbo. Mtoto hakuishi. Mume ndiye aliyebaki."

"Najua," alisema Mama Veneranda kwa upole. "Na nilikuonea huruma, na bado nakuonea. Lakini huruma yangu haiwezi kunifanya niseme kiumbe cha Mungu ni makapi."

"Hakuna aliyesema makapi."

"Basi tumekubaliana kwenye hilo moja. Pitisha ungo."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa upande wa yeyote aliyesema mwisho. Nikimsikiliza Mama Veneranda nilimwona mtoto. Bi Zuhura akifungua mdomo nilimwona msichana. Nilidhani nikikua nitajua. Siku hizi watu wanabishana jambo hili kwenye simu, ujumbe unapita haraka, mmoja anamwita mwenzake muuaji, mwingine anamwita mwenzake katili, na wote hawajawahi kula kwenye jani moja. Nasoma, nazima simu. Sijui kama nimekua.

Kulikuwa na msichana aliyekuja Jumamosi kunisuka, jina lake Jasinta, wa kidato cha tatu. Aliishi na bibi yake upande wa pili wa bonde na kila siku alitembea kwenda shule na kurudi. Alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, aliweza kuwaigiza walimu wake wote, mmoja baada ya mwingine, huku akinivuta nywele. Msimu wa maharage ulipokaribia kwisha aliacha kuigiza. Alisuka kimya. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema ni uchovu. Siku moja aliniuliza, bila kuniangalia, Bi Zuhura na Mama Veneranda wakibishana vile huwa nani anashinda. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Aa," akamalizia mkia wa nywele, akaondoka.

Hapa lazima nieleze engozi, kwa wale ambao hawakuikuta. Ni machela, iliyosukwa kama kapu refu na kufungwa kwenye miti miwili. Kila kitongoji kilikuwa na yake, na chama chake. Gari lilikuwa halifiki kwenye vibanja, kwa hiyo mgonjwa aliyeshindwa kutembea alipigiwa pembe, na kila nyumba ilitoa mtu. Wanaume walibeba kwa kupokezana mpaka barabarani au mpaka hospitali, wanawake walifuata nyuma na maji na chakula. Nyumba isiyotoa mtu ilikuwa imejitenga, na nyumba iliyojitenga ingebebwa na nani siku yake? Watu waligombana juu ya mipaka na mbuzi, lakini pembe ikilia walitoka.

Chama chetu kilikuwa na kanuni moja ya ziada. Mwenyekiti, Mzee Kabakama, aliwahi kuongoza engozi iliyombeba mtu mwenye jeraha la panga, akiambiwa ameanguka kutoka mtini. Walipofika ikajulikana ni mwizi, na Mzee na wabebaji wote wakawekwa mahabusu wakihojiwa. Tangu hapo aliweka sharti: kabla engozi haijainuliwa, nyumba ya mgonjwa iseme mbele ya watu wote anaumwa nini na kimetokana na nini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kufungiwa kwa sababu ya wema, na hakutaka kufungiwa tena.

Pembe ililia asubuhi, mvua imetoka kunyesha. Tulifika nyumbani kwa bibi yake Jasinta tukakuta engozi imewekwa chini uani na Jasinta amelazwa ndani yake, amefunikwa blanketi, uso umekuwa na rangi ya majivu. Bibi alisimama kando, mikono kichwani. Nilipoinama kumshika mkono niliona damu imepita kwenye blanketi.

"Mama, sema, mgonjwa ana nini?" Mzee Kabakama aliuliza, kama kanuni ilivyotaka.

"Tumbo," bibi alisema.

"Tumbo gani? Kuna tumbo la chakula kibaya, na kuna tumbo jingine."

"Tumbo la kidato cha tatu!" kijana mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. Jina lake Fidelisi, mtu wa mzaha siku zote. Wachache walicheka. Jasinta alifumba macho.

"Nyamaza wewe," Mzee alimkemea, lakini hakuondoka kwenye swali lake. Alichuchumaa karibu na engozi. "Binti, umekunywa kitu? Nani alikupa? Tukifika kule polisi wataniuliza mimi. Wataniambia nilimficha. Sema tu."

Jasinta alivuta blanketi mpaka kidevuni. Uani watu walikuwa wengi, na kila mmoja alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye migomba.

"Mzee, mbebeni kwanza," Bi Zuhura alisema. "Maswali mtamaliza nayo mkifika."

"Wewe Zuhura msimamo wako unajulikana mpaka Kihanga. Unataka watu watoe mimba wapendavyo. Nikikusikiliza wewe watasema na mimi nilikuwamo."

Na kweli wanaume waliangalia chini. Maneno ya Bi Zuhura yalikuwa ya haki, lakini kwa kuwa yalitoka kwake hayakuwa na uzito wowote pale. Nikaona kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyoweza kusema sawa na asisikike kwa sababu kila mtu anajua yuko upande gani.

Mama Veneranda alifika wakati huo akitokea kibanjani, miguu ina tope hadi magotini. Watu walimpisha. Nadhani wote tulitegemea kitu kimoja, na Bi Zuhura alikitegemea kuliko wote, maana alimwangalia rafiki yake kama mtu anayejikinga. Mama Veneranda alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa Jasinta. Kisha akainuka.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Speciosa," alisema. "Wengi wenu mlikuja kumzika. Mliambiwa malaria."

Mzee Kabakama aliinuka pale alipochuchumaa.

"Haikuwa malaria. Damu ilikuwa inamtoka hivi hivi. Tulimfungia chumbani, tukaacha kupiga pembe, kwa sababu tuliogopa swali hilo hilo ulilouliza, Mzee. Nilishika mlango mimi mwenyewe. Alichofanya niliona ni dhambi, na leo naona ni dhambi, na Zuhura huyu anajua sitabadilika. Lakini si dhambi iliyomuua mdogo wangu. Alikufa kwa kukosa watu wa kumbeba." Alivua kitenge cha mabegani, akakikunja mara kadhaa, akakiweka juu ya bega lake la kulia. "Zuhura, shika nyuma."

"Mimi mfupi, Vene."

"Ndiyo maana. Tunateremka."

"Wanawake hawabebi engozi," Mzee Kabakama alisema. Na ilikuwa kweli, haijapata kutokea.

"Basi ninyang'anye," alijibu Mama Veneranda, akainama kwenye mti.

Mimi nilishika mbele sambamba naye. Nafasi ya nne, nyuma pamoja na Bi Zuhura, ilibaki wazi, na kwa muda nilifikiri tutashindwa pale pale, kwa kukosa bega moja. Kisha mke wa Mzee Kabakama, mama mnene ambaye katika mwaka mzima sikuwahi kumsikia akimpinga mumewe hata juu ya chumvi, aliweka chini dumu la maji alilolibeba, akajifunga kanga kiunoni, akashika. Hakumwangalia mumewe. Tuliinua.

Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile, na Jasinta alikuwa msichana mdogo. Njia iliteleza. Bi Zuhura na Mama Veneranda hawakuwa na mwendo mmoja, mmoja akivuta, mwingine akisukuma, na katikati ya mteremko wakaanza.

"Ujue sijakubaliana nawe," Mama Veneranda alisema huku akihema.

"Nani kakuomba? Angalia jiwe hilo."

"Uhai ni uhai."

"Ndiyo, na huu hapa nimeubeba begani. Kushoto, Vene, kushoto!"

"Usinifundishe njia ya kwangu."

Kutoka ndani ya engozi ikatoka sauti ndogo, ya kwanza tangu asubuhi. "Naomba msigombane."

"Hatugombani, mwanangu," Bi Zuhura alisema. "Ndivyo tunavyoongea. Wewe kaa macho, usilale, tusikilize."

Kwenye kijito chini ya bonde Fidelisi alitukimbilia, uso umebadilika, akaingiza bega lake chini ya mti wangu. Wa pili akaja, na wa tatu. Walipokezana kama ilivyo desturi, kimya, bila utani. Nilipogeuka nyuma nilimwona Mzee Kabakama akishuka taratibu, amelibeba dumu la maji ambalo mkewe aliliacha. Barabarani tulisimamisha pikapu iliyojaa ndizi, dereva akashusha mikungu, na Jasinta akafika hospitali.

Mlangoni muuguzi aliuliza mgonjwa ana nini. Mzee Kabakama, aliyekuwa amepanda pikapu mbele kabisa, alivua kofia. "Anatokwa damu nyingi, mama," alisema. "Anaitwa Jasinta. Sisi ni majirani zake." Muuguzi alisema hayo yanatosha kuanzia, wakamwingiza. Hakuna polisi aliyekuja. Mama Veneranda alilala pale sakafuni chini ya kitanda mpaka msichana alipoweza kukaa, na Bi Zuhura alipeleka uji kila asubuhi kwenye chupa ya chai.

Jasinta alirudi, amepungua, akakaa nyumbani mpaka nguvu ziliporejea. Shule iliambiwa alikuwa anaumwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwa kuwa chama kizima kilinyamaza, hakuna aliyesema zaidi. Kitongoji cha Rugu kunyamaza! Kwangu hilo lilikuwa ajabu kubwa kuliko wanawake kubeba engozi.

Baadaye chama kilikutana uani kwa Mzee kuibadilisha kanuni. Rubisi, pombe ya ndizi, ilimiminwa, na kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwenye kisonzo, kikapu kidogo. Ilichukua mchana mzima, kwa sababu Bi Zuhura na Mama Veneranda walikataa kila sentensi ya mwenzake. Bi Zuhura alitaka iandikwe kwamba engozi haimuulizi mgonjwa. Mama Veneranda akasema hapana, maana ukisema hivyo tu ni kama kusema hakuna la kuulizwa. Mwishowe walifika hapa: apigaye pembe ataje jina, nyumba, na kama mgonjwa anatokwa damu au anaweza kukaa, yanayobaki ni ya mgonjwa, daktari na Mungu. "Daktari" alilipigania mmoja, "Mungu" akalipigania mwingine, na kila mmoja alirudi nyumbani akiamini ameshinda. Mama Veneranda akaongeza jambo moja: msichana yeyote mwenye mimba asifukuzwe kwao, na akifukuzwa apate pa kulala na chakula mpaka ajifungue, na nyumba ya mwanaume aliyehusika iitwe mbele ya chama. "Hilo tungeanza nalo miaka yote," alisema Bi Zuhura, na kwa mara ya kwanza hakumbishia.

Sitaki mtu adhani yaliisha vizuri. Kabla mwaka haujakwisha msichana mmoja alikuja akalala katika chumba changu kati ya magunia, akala ndizi za Mama Veneranda, akajifungua mtoto wa kiume mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Mwingine alikuja, akakaa kidogo, akaondoka asubuhi moja, na aliporudi hakuwa tena na mimba. Bi Zuhura alijua alikokwenda, au Mama Veneranda aliamini kwamba alijua. Mama Veneranda akaacha kuja, barazani tukabaki wawili. Bi Zuhura aliendelea kuchambua akiangalia ule upenyo wa migomba ambako rafiki yake alizoea kutokea, na mimi, ambaye sikuwa hodari, nikaacha mawe mengi. Mpaka mchana mmoja Mama Veneranda akatokea, hakusalimia, akaketi, akachota maharage kwenye kiganja. "Haya mnayauza na mawe yake?" aliuliza. "Mnataka kuvunja watu meno?" Bi Zuhura akaingia ndani kuchemsha chai. Hawakuzungumzia lile jambo siku ile. Wiki iliyofuata walikuwa wanabishana tena.

Nilifika msibani watu wakiwa wameshajaa. Siku hizi barabara imefika na bodaboda zinapita katikati ya vibanja, na mgonjwa hupakiwa nyuma, katikati ya dereva na ndugu. Bi Zuhura, mzee sasa, aliketi mkekani karibu na jeneza la rafiki yake, na sikuthubutu kumsemesha zaidi ya shikamoo. Nilikwenda nyuma, kwenye lundo la ndizi, nikachukua kisu. Mwanamke aliyekuwa akimenya karibu nami aliinua uso, na nikamtambua kwa vidole kabla ya sura. Jasinta sasa anashona nguo Bugene, ana watoto wakubwa. Tulimenya kwa muda tukiulizana habari za kawaida. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kuongea akiangalia kisu chake.

"Unajua, siku ile niliandaa uongo. Tangu alfajiri, kabla bibi hajapiga pembe. Nilijua wataniuliza. Uani nilishindwa kuutoa, nikasema basi, nitausema njiani. Njiani wale wawili wakawa wanabishana. Nikasema, hospitali. Mama Vene alilala chini ya kitanda changu, kila akiamka nasema sasa ataniuliza. Ananiuliza kama nina kiu." Alitupa ndizi kwenye beseni. "Nimezaa, nimeolewa, nimezika. Mpaka leo naukumbuka neno kwa neno, na sijapata mtu wa kumwambia."

Ukweli wenyewe siujui. Sikuwahi kuujua, na pale, mikono yangu imejaa utomvu, niligundua kwamba sikuwa na haja nao. Nikamwuliza tu kama uongo ulikuwa mzuri.

"Mzuri sana," alisema Jasinta. "Hata wewe ungeamini."

Tukaangua kicheko, mpaka mama mmoja akageuka kutukemea kwamba tuko msibani, na hatukuweza kuacha.